Nishushe hadi dola 5, au nigawe bure kabisa?

Shikamoo dada,

Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Zanzibar, naishi Malindi na bibi yangu. Kazi yangu natengeneza modeli za 3D, zile ambazo watengeneza gemu na watu wa katuni wananunua mtandaoni wanaziingiza kwenye kazi zao. Blender, programu ya kutengenezea hizo modeli, nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia video za YouTube, miaka mitatu hiyo, kwa laptopu ya kaka yangu ambayo ikipata joto inazima.

Nilikaa miezi mitano natengeneza pakiti ya Mji Mkongwe. Modeli 48. Milango ya kuchonga 12, madirisha, roshani, baraza za nje, taa, mabuli ya kahawa, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa iliyobanduka, yaani kila kitu nilikwenda kukiangalia kwa macho yangu nikapima kwa futi. Mlango wa kwanza ni wa nyumba ya bibi kwa hiyo pakiti nzima nikaiita Mlango wa Bibi. Nikaipandisha kwenye duka moja kubwa la mtandaoni kwa dola 30, wao wanakata 30% mimi nabaki na 21.

Mwezi wa kwanza watu 2,800 waliufungua ukurasa nikauza nakala 14, dada nililia kwa furaha. Mwezi wa pili watu 600 tu, nakala 3. Nikaogopa. Duka likanitumia ujumbe kuwa kuna ofa kubwa, nikajiunga kwa punguzo la 50%, watu 900 wakaja nikauza 9. Ofa ikaisha bei ikarudi 30, watu 350, nakala moja. Nikaingia ofa nyingine ya 50%, watu 700, nakala 6. Baada ya hapo nikasema basi tatizo ni bei, nikashusha moja kwa moja hadi dola 12, na mwezi huu watu 400 nimeuza 4. Nne dada! Kwa dola 12!

Na juu ya hayo jamaa mmoja aliyenunua kwa 30 amenipa nyota moja, ameandika kuwa wiki moja baadaye ilikuwa nusu bei na anahisi ameibiwa. Na kuna kikundi kimetoa pakiti ya nyumba za Afrika bure kabisa, imedaunlodiwa na watu wengi sana. Na hilo duka sasa linanialika kwenye bando la pamoja na wauzaji wengine, mteja anachukua vitu vyote kwa bei ndogo sana, mimi napata senti kwa kila nakala.

Mama yangu anasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa chetu hakijiuzi, ndo najiuliza labda si kizuri. Nishushe hadi dola 5? Nigawe bure nipate jina? Niingie kwenye hilo bando? Nimebakiza miezi miwili ya akiba halafu itabidi nirudi kwenye kazi ya hoteli.

Kitu kingine sijui kama kina maana, kuna studio ya Ulaya ya watu 8 walinunua nakala moja wakaniandikia kuuliza kama timu nzima inaruhusiwa kutumia, na kama naweza kuwatengenezea milango mingine. Nikawajibu tumieni tu hamna shida, hilo la milango sikulijibu maana sikujua niseme bei gani.

Binti wa Malindi

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu na karatasi kwa sababu umefanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi, umeniandikia namba za kila mwezi. Kwa hiyo kabla hatujasema lolote kuhusu dola 5 njoo tuzisome hizo namba pamoja, maana jibu limo humo humo ndani na nadhani hukuliona kwa sababu ya hofu.

Mwezi wa kwanza watu 2,800, nakala 14. Gawanya, utaona kila watu 200 waliofungua ukurasa mmoja alinunua. Mwezi wa pili watu 600, nakala 3. Gawanya tena. Mmoja katika 200! Kile kile! Bei ile ile, ukurasa ule ule, na watu walinunua kwa kiwango kile kile kabisa. Hakuna aliyeanza kuona dola 30 ni ghali mwezi wa pili. Kilichoanguka ni watu waliopita mlangoni, kutoka 2,800 hadi 600, na hao walipungua kwa sababu mwezi wa kwanza duka lilikuweka kwenye rafu ya vitu vipya, halafu vikaja vipya vingine ukasogezwa nyuma. Hii inampata kila mtu kwenye maduka haya, inaniuma tu kwamba hakuna aliyekwambia.

Sasa tazama ofa. Kwa 50% watu 900, nakala 9, yaani mmoja katika kila 100. Wanunuzi wameongezeka mara mbili, lakini na wewe kila nakala unapata nusu, dola 10 na nusu badala ya 21. Kwa kila watu 200 wanaopita, bei kamili inakupa dola 21, nusu bei inakupa dola 21. Hujapata kitu. Nyongeza yote ya mwezi ule ilitoka kwa wale watu 300 zaidi walioletwa na ukurasa wa ofa, haikutoka kwenye bei. Halafu mwezi uliofuata ukalipia, watu 350 nakala moja, maana waliokuwa wanaitamani pakiti yako walishajifunza kwamba ukisubiri kidogo inashuka. Ofa ya pili ikawa dhaifu kuliko ya kwanza. Na kwa dola 12 unabaki na 8.40, watu 400 wamenunua 4, ambayo ni mmoja katika 100, kiwango kile kile cha dola 15. Kwa hiyo ulipotoka 15 kwenda 12 hukuongeza hata mnunuzi mmoja, umewapunguzia tu bei wale ambao wangenunua vyovyote vile. Kwa kila watu 200 sasa unapata 16.80.

Ukishuka hadi dola 5 unabaki na 3.50. Kupata tu zile dola 63 za mwezi wako wa pili, ule uliokutia hofu, itabidi uuze nakala 18. Kupata za mwezi wa kwanza uuze 84. Hao watu 84 watatoka wapi wakati wanaofungua ukurasa ni 400? Kwa hiyo hapana, usishushe. Mimi nakwambia upandishe, na nitakueleza vipi, lakini kwanza niseme kuhusu huo msemo wa mama.

Kizuri chajiuza ni kweli, mama hajakosea, ila msemo huu ulikuwa wa sokoni ambako kitu kimeanikwa, mtu anapita anakiona, anakigeuza, ananusa. Chako kimefungwa ndani ya sanduku na sanduku limeandikwa Mlango wa Bibi. Mdogo wangu, hilo jina ni zuri na naelewa limetoka moyoni, lakini fikiria kijana yuko Poland anatengeneza gemu ya bandari ya kale, usiku wa manane, anatafuta milango ya mbao iliyochongwa. Ataandika mlango, mbao, nakshi, mji wa pwani, Bahari ya Hindi, kwa Kiingereza. Hataandika Bibi. Jina la mbele liseme kitu ni nini na ni cha wapi, kwa lugha wanayotafutia wao, halafu Bibi muweke baada ya hapo kama jina la mfululizo wako. Usimtoe, msogeze tu.

Halafu ukurasa wenyewe. Hukunitumia kiungo lakini naweza kubahatisha kwa sababu karibu wote tunaanza hivi, picha ya mbele ni mlango mmoja kwenye mandhari ya kijivu. Mnunuzi hanunui mlango, ananunua kichochoro. Tengeneza eneo moja lililokamilika, kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe, jua la saa kumi linapiga ukuta mmoja tu, baraza, mlango uko wazi nusu, taa, buli la kahawa limeachwa pale mtu kainuka sasa hivi. Hiyo ndo picha ya mbele. Na eneo lenyewe liweke ndani ya pakiti, mtu akifungua mara ya kwanza akute kichochoro kimeshasimama, siyo folda ya vipande 48 aanze kupanga.

Picha zinazofuata ziwe za mambo ambayo watu wa kazi wanayaogopa na hawaulizi. Kila modeli ina poligoni ngapi, vile vipande bapa vinavyounda umbo. Tekscha, zile picha zinazovikwa juu ya modeli, ni za ukubwa gani. Je ukiweka milango 50 kwa pamoja gemu itakuwa nzito, na kama umetengeneza toleo jepesi la kuonekana kwa mbali lionyeshe pembeni ya lile zito. Mlango unafunguka kwa bawaba au umeganda. Vipande vya ukuta vinakaa kwenye vipimo sawa ili viungane bila nyufa. Vinafanya kazi kwenye toleo gani la zile programu za kutengenezea gemu, la Unity, la Unreal, la Godot. Mtu akikosa hata jibu moja hapo anafunga ukurasa, na wewe utadhani kakimbia bei.

Na hapa una kitu ambacho mwenzako wa mbali hana. Wewe unajua mlango wa Kiarabu ni wa pembe nne na kizingiti kilichonyooka, na ule wa Kihindi una upinde juu na misumari ya shaba. Unajua mfaa ni upi, ule mti wa katikati ya mlango. Unajua nakshi za mnyororo, za samaki, za mtende zinakaa wapi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na yule mwenye gemu anataka kitu ambacho mtu wa Zanzibar akikiona asicheke. Kwa hiyo andika! Ukurasa mmoja wa maelezo ndani ya pakiti, mlango upi ni wa aina gani, upi unakaa kwenye nyumba ya namna gani, nini kisichanganywe na nini. Hiyo ni thamani, na haigharimu ila siku mbili za kuandika.

Hii pia ndo sababu ile pakiti ya bure isikukoseshe usingizi. Nyumba za Afrika, Afrika ipi? Anayetaka kibanda chochote cha nyasi atachukua ile, na huyo hakuwa mteja wako hata kabla. Vya bure vimekuwepo siku zote kwenye biashara hii. Kuna Kenney, Mholanzi, kwa miaka mingi anagawa maelfu ya vitu vya gemu bure, leseni ya CC0 kabisa, mtu afanye anachotaka, na huyo huyo anauza bando la vitu vyake vyote kwenye itch.io, duka jingine la mtandaoni la gemu, na watu wananunua, kwa sababu kukusanya kimoja kimoja kunakula muda na muda ndo wanaoulipia. Na angalia Synty wa New Zealand, wameuza pakiti nyingi mno na siri yao naiona moja kubwa, zote zina sura moja, ukinunua ya mji, ile ya maharamia nayo inaingia pale pale bila kugombana, kwa hiyo anayenunua moja anarudi.

Haya, bei.

Muuza nyanya hawezi kuweka fungu moja tu la shilingi elfu tano akakaa kusubiri. Anaweka la mia tano, la elfu, la elfu mbili, na mama anayepika mchuzi wa wageni na mama anayepika wa arusi wote wanaondoka na kitu. Wewe una fungu moja. Ligawe. Milango 12 peke yake iwe pakiti ndogo, dola 15. Pakiti nzima yenye kichochoro na maelezo, dola 39. Na ya bure, ndiyo, ya bure iwepo, lakini iwe kama muuza halua anavyokuonjesha kwenye ncha ya kijiko, hakupi sahani. Mlango mmoja, dirisha moja, taa moja, zikiwa na ubora ule ule wa zingine, wala usitoe kile kibovu kuliko vyote maana hicho ndo kitakutambulisha. Kiweke kwenye itch.io pia, pale muuzaji mwenyewe ndiye anapanga duka lichukue asilimia ngapi, wameweka 10 kama hukugusa kitu, na mtu akitaka kulipa zaidi ya bei anaruhusiwa. Ndani ya folda weka karatasi moja yenye kiungo cha pakiti kubwa. Aliyeshaweka mlango wako kwenye gemu yake ukakaa vizuri haogopi tena dola 39, anajua anachonunua.

Najua 39 imekushtua wewe uliyezoea kuona 12. Sasa hesabu kwa upande wa mnunuzi, usihesabu kwa bei ya chapati za mtaani kwako. Mlango mmoja wa nakshi ulikuchukua siku ngapi, mbili, tatu? Mwenye studio kule akimpa msanii wake kazi ya milango 12 ni mwezi mzima wa mshahara. Unamwokolea mwezi kwa dola 39. Kwake dola 5 haimvutii, inamtia wasiwasi, anajiuliza hii ina kasoro gani. Na mimi nimelipitia hili, nauza sauti, za soko, za mashua, za mvua kwenye bati, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa dola 6 nikipata maswali yasiyoisha kutoka kwa watu waliolipa dola 6. Nilipopanda hadi 25 nikiwa nimepanga mafaili vizuri na kuandika maelezo, wanunuzi walipungua kidogo, hela ikaongezeka, na maswali yakawa ya watu wanaojua wanachofanya.

Lakini usiamke kesho ukabandika 39 kimya kimya. Kwanza tengeneza hayo niliyosema, kichochoro, matoleo mepesi, maelezo, na ongeza vitu vichache, taa za usiku mfano. Wiki tatu hivi. Halafu, wiki mbili kabla, tangaza kuwa apdeti kubwa inakuja tarehe fulani na siku hiyo bei inapanda hadi 39, mpaka siku hiyo ni 12, na walionunua tayari wanapata kila kitu bila kuongeza senti. Hizo wiki mbili za tangazo wanaoitamani watanunua, na hawatakuwa wamenunua kwa sababu unajitupa, ni kwa sababu kitu kinapanda. Ukishasema tarehe, tarehe ni hiyo hiyo, usiongeze siku hata moja. Huo ndo mwisho wa mtu kukuzoea kuwa unashuka.

Ofa usiache kabisa. Mbili au tatu kwa mwaka, zile kubwa za duka zima ambazo zinaleta watu wapya, na punguzo liwe 30% basi. Kwa 39 inakuwa 27 na kitu, hata nusu haijafika. 50% iweke akiba kwa pakiti iliyozeeka wakati una nyingine tatu mpya juu yake. Maduka mengi mtu akiweka kitu kwenye orodha ya anavyovitamani anapata taarifa kikishuka, kwa hiyo ofa moja baada ya miezi sita ya ukimya inawaamsha wote kwa pamoja, ofa kila mwezi haimwamshi mtu.

Yule wa nyota moja mjibu. Pale pale hadharani, kwa upole, usijitetee. Mwambie unamwelewa, ofa zilikuwa karibu mno, na sasa anapata toleo jipya lote la dola 39 bila kulipa. Wengine wanaosoma wataona muuzaji anayejibu, na kwa kazi yetu hilo ni kubwa kuliko unavyodhani kwa sababu mnunuzi anaogopa kununua kwa mtu aliyepotea.

Bando la pamoja, mwaka huu hapana. Siyo kwamba mabando ni mabaya, hapana, kuna watu yamewasaidia hasa wenye pakiti za zamani zilizoacha kuuza, unapata nakala nyingi kwa mpigo na watu wanalijua jina lako, na kama una pakiti mpya ya bei kamili pembeni wengine wanakuja kwake. Wewe una moja. Ukiitia kwenye bando leo umeshamaliza wateja wako wote kwa senti na huna cha kuwauzia kesho. Waambie asante, mnialike tena mwakani.

Watu sasa, maana tulisema tatizo ni wapita njia. Kila mlango unaoutengeneza kuanzia leo rekodi skrini, bana iwe sekunde 30, anza na picha ya mlango wenyewe wa kweli pale Malindi halafu modeli yako inatokea juu yake. Weka Instagram, TikTok, YouTube fupi, na kwenye majukwaa ya Reddit na Discord ya watengeneza gemu, ila kule usiingie na bei mkononi, ingia na kazi, jibu maswali ya watu kuhusu nakshi, bei wataiulizia wenyewe. Nakushauri hivi kwa sababu una picha ambazo mtu wa Oslo hawezi kuzipiga. Bibi akikubali muonyeshe amekaa barazani. Asipokubali mwache.

Na pakiti ya pili anza sasa, ndogo, usikae tena miezi mitano. Soko la Darajani, vibanda, mizani, vikapu vya karafuu. Au mashua na jahazi na vitu vya ufukweni. Sura ile ile, vipimo vile vile. Siku inatoka unarudi kwenye rafu ya vitu vipya, na wanaokuja kwa soko wanakuta na kichochoro.

Kuhusu makato. 30% wanayokukata ndiyo ile ile ya Unity Asset Store, wao wanachukua 30 muuzaji 70. Epic, wenye Unreal, mwaka 2018 walishusha kamisheni ya soko lao la Unreal hadi 12%, muuzaji akabaki na 88, na wakawalipa wauzaji tofauti ya mauzo ya nyuma tangu 2014. Oktoba 2024 wakafungua Fab, ambalo limechukua nafasi ya soko hilo, na 88 imebaki. Kama mkataba wako wa sasa haukufungi kuuza kwao peke yao, na huo usome leo, weka pakiti kwenye duka zaidi ya moja. Dola 39 kwa 70% ni 27.30, kwa 88% ni 34.32, tofauti ya dola saba kila nakala kwa kazi ile ile. Bei iwe sawa kila duka lakini, wanunuzi wanalinganisha. Na fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ijaze vizuri. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi, kwa hiyo sehemu ya mauzo inayohesabiwa imetoka Marekani inaweza kukatwa hadi 30%, usishangae ukaona hela imepungua ukadhani umeibiwa.

Nimeiacha ile studio mwisho kwa makusudi. Umeandika hujui kama ina maana. Mdogo wangu, hiyo ndo mistari mitatu yenye hela kuliko barua nzima!

Watu wanane, wamenunua nakala moja, wakawa waungwana wakauliza. Biashara hii haina bei moja kwa watu wote, ina leseni. Kule Fab wenyewe wameweka ngazi mbili, ya mtu binafsi na ya kitaalamu, anayeingiza zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka anatakiwa kununua ya kitaalamu, na muuzaji anaruhusiwa kuipa hiyo bei ya juu zaidi. Kijana wa chuo na kampuni wanapata mlango ule ule lakini hawalipi sawa, na hakuna anayeona ni dhuluma. Soma leseni ya duka lako inasemaje kuhusu timu. Kama nakala moja inatosha kampuni nzima, basi, umeshawajibu sawa, limekwisha. Kama kila mtu anatakiwa nakala yake usiwageukie sasa kuwadai, neno lako ulishalitoa, waache nalo kwa mradi huu, ila pakiti mpya andika wazi bei ya mtu mmoja na bei ya timu.

Lakini wamekuuliza kama unaweza kuwatengenezea milango mingine, na hukuwajibu. Hiyo ni kazi ya kuagizwa, haiendi kwa bei ya dukani. Hesabu hivi, mlango mmoja siku tatu, siku yako moja unaipa thamani gani, na usiiweke kwa mshahara wa hoteli. Ukisema dola 80 kwa siku, mlango ni 240, na wao kwa pesa hiyo bado wanapata nafuu. Milango mitano ni 1,200. Umeuza nakala 37 kwa miezi sita ukapata dola 569, nimejumlisha. Nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu ukikabidhi, marekebisho mawili tu yamo ndani ya bei, ya tatu wanaongeza. Na swali moja la lazima uwaulize, wanaitaka iwe yao peke yao au wewe unaruhusiwa baada ya muda kuiuza kwenye pakiti? Wakitaka yao peke yao bei inapanda mara mbili. Wakikuruhusu baada ya mwaka, tayari una milango mitano ya pakiti ya tatu na umeshalipwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa bei, kabla ya jina, kabla ya picha, fungua hiyo meseji yao. Waombe radhi kwa kuchelewa, mstari mmoja unatosha. Waulize wanataka milango mingapi, ya aina gani, ya lini. Weka na picha mbili za milango ya kweli ya mtaani kwako ambayo hujaitengeneza bado. Ulaya wengi wako nyuma yetu saa moja au mbili au tatu kutegemea nchi na msimu, ukituma asubuhi hii wataikuta wakifungua kompyuta zao.